Kizuri Chajiuza? Kujenga Jina la Kikazi kwa Msaada wa Akili Mnemba

Wengi wetu tumelelewa na methali moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukifanya kazi vizuri, watu wataona wenyewe. Ukianza kujinadi utaambiwa una majivuno, na bibi atakuuliza nani amekutuma ujisifu. Nyumbani methali hiyo ina nguvu kwa sababu watu wanajuana. Fundi cherehani hodari hahitaji tangazo. Gauni alilomshonea jirani siku ya Idi ndilo tangazo lake. Mkunga wa zahanati anajulikana mtaa mzima, kwa kuwa nusu ya watoto wa mtaa wamepita mikononi mwake.

Huku ughaibuni soko limebadilika. Anayeamua kama utapandishwa cheo huenda hajawahi kukuona ukifanya kazi hata siku moja. Anasoma kurasa mbili ulizoandika, anatafuta jina lako mtandaoni, kisha anakuita au hakuiti. Mwenzako aliyezoezwa tangu shule ya msingi kusimama mbele ya darasa na kusema "mimi nimefanya hili" anapita. Wewe unabaki pale pale, ukimwelekeza kazi mkubwa wako mpya.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na stashahada nyumbani Tanzania, nikafanya kazi, nikaja Uingereza, nikasoma shahada huku nikiendelea na zamu, na sasa ni meneja wa wodi. Siku yangu imejaa ratiba za zamu, vikao, malalamiko, vitanda vinavyohitajika na simu za ndugu wa wagonjwa. Nikitoka hapo kuna watoto na sufuria jikoni. Najua wasomaji wengi wa jarida hili mko hivyo hivyo: msimamizi wa hoteli Muscat, mhasibu mkuu Dubai, mkuu wa idara Houston, mwenye kampuni ndogo ya usafi Leicester. Una watu chini yako na maamuzi mengi, lakini muda wa kukaa na kuandika habari zako mwenyewe hauupati. Hapo ndipo akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, inaweza kukusaidia. Inaweza pia kukuharibia. Tuyaangalie yote mawili.

Jina la kikazi ni nini hasa

Wazungu huzungumzia chapa binafsi, kana kwamba mtu ni sabuni. Wazo hilo lilienea sana baada ya mwandishi wa Kimarekani wa mambo ya uongozi, Tom Peters, kuandika makala katika jarida la Fast Company mwaka 1997, akisema kila mfanyakazi ajione kama kampuni yenye chapa yake. Mimi napendelea kusema jina la kikazi, maana jina tunalifahamu. Kwetu mtu hupewa mkopo wa sukari dukani kwa jina lake, na binti huolewa au mchumba hukataliwa kwa jina la ukoo.

Jina la kikazi lina sehemu tatu. Ya kwanza ni unachokijua vizuri kuliko watu wengi walio karibu nawe. Ya pili ni ulichokifanya ambacho kinaweza kuonyeshwa. Ya tatu ni watu walio tayari kukushuhudia. Mtandao wa LinkedIn, CV, hotuba kwenye mkutano na maelezo ya maombi ya kazi ni mahali pa kuviweka vitu hivyo tu. Kama vitu vyenyewe havipo, hakuna mashine itakayovitengeneza bila kusema uongo. Methali yetu bado ina ukweli wake: kibaya kikijitembeza sana, mwisho kitajulikana.

"Tulifanya" na "nilifanya"

Kuna tatizo moja la lugha ambalo sisi tunalibeba bila kujua. Mswahili akisimulia kazi yake husema "tulifanya". Tulipanga, tulisaidiana, tuliokoa hali. Ni adabu. Neno "mimi" likirudiwa mara tatu, masikio yanawasha.

Jopo la usaili la Uingereza au Marekani halisikii adabu hapo. Linasikia mtu ambaye alikuwepo chumbani wakati wengine wanafanya kazi. Nimekaa upande wa pili wa meza, nikiwa mmoja wa wasaili, na nimeona alama zikipotea kwa sababu hiyo. Mwombaji anaulizwa, "Tueleze mara moja ulipoongoza timu katika wakati mgumu." Anajibu kwa "sisi" mwanzo hadi mwisho. Karatasi ya alama ina sehemu ya kujaza alichofanya yeye, na sehemu hiyo inabaki tupu.

Kuna dada mmoja kutoka Mombasa, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikaa miaka 9 katika daraja la 5, daraja ambalo muuguzi mpya huanzia katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS. Wakati huo wote aliongoza zamu za usiku na kuwafundisha wageni, na baadhi yao wakapanda daraja la 6 wakamwacha. Aliponionyesha maelezo ya maombi yake, ukurasa mzima ulikuwa na "tulishirikiana vizuri" na "ninapenda kujituma". Hapakuwa na usiku hata mmoja ulioelezwa. Mwanamke aliyeweza kutuliza wodi nzima saa tisa ya usiku alikuwa ameandika kama mtu anayeomba kazi yake ya kwanza.

Hapa ndipo mashine ilipomfaa. Hakuiomba imwandikie, aliifanya mdadisi. Alisimulia tukio kwa Kiswahili, kisha akaiagiza imuulize, kila aliposema "tulifanya", ni nini hasa alichofanya yeye. Ilimuuliza mara saba. Nani aliamua kuita daktari? Nani aligawa wagonjwa upya? Nani aliongea na familia? Mara tano jibu lilikuwa "mimi". Mara mbili lilikuwa "mwenzangu", na tuliacha hivyo hivyo. Kusema "niliamua hivi, na mwenzangu akatekeleza hivi" ni ukweli, na hakuna aliyedhulumiwa ndani yake.

Dakika tano baada ya zamu

Mtu mwenye shughuli nyingi hushindwa hapa: anasubiri hadi tangazo la kazi litoke ndipo akumbuke miaka mitatu iliyopita. Hakumbuki. Dawa yake ni daftari la sauti.

Ukitoka kazini, kwenye basi, ndani ya gari lililoegeshwa au unapotembea kuelekea nyumbani, fungua simu na uzungumze dakika tano. Simu nyingi za sasa zinageuza sauti kuwa maandishi. Zungumza kwa Kiswahili kama ndiyo lugha ambayo mawazo yako huja bila kutafutwa. Programu kubwa kama ChatGPT, Gemini na Claude zinakielewa vya kutosha kwa kazi hii. Jibu maswali manne: Leo kulikuwa na tatizo gani? Niliamua nini? Matokeo yalikuwaje? Nimejifunza nini?

Usifanye kila siku, utachoka. Mara moja kwa wiki inatosha. Kwa mwaka utakuwa na matukio karibu 50, na katika hayo 10 ni dhahabu.

Kwa wauguzi na wakunga waliosajiliwa Uingereza daftari hili lina faida ya pili. Baraza la wauguzi na wakunga, NMC, linataka kila baada ya miaka 3 tuhuishe usajili: angalau saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza ambazo 20 kati yake ni za kushiriki pamoja na wengine, maoni 5 kuhusu kazi yako, na tafakuri 5 za maandishi. Wengi tunahangaika nazo wiki ya mwisho. Mwenye daftari la sauti tayari ana tafakuri zake. Kilichobaki ni kuzipanga. Walio katika fani nyingine, kama uhasibu, uhandisi au ualimu, nao mara nyingi hudaiwa kumbukumbu za kujiendeleza, kwa hiyo kazi moja inajibu mahitaji mawili.

Namna ya kuiagiza mashine

Programu hizi, ambazo zilienea kwa umma baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba 2022, hufanya kazi kwa kutabiri maneno yanayofuatana, kutokana na maandishi mengi mno ambayo zimefundishwa nayo. Ndiyo maana ukiziachia zitakupa maneno ambayo kila mtu huyatumia. Chukua mfano. Muuguzi anasema kwenye simu:

"Usiku tulikuwa wauguzi wawili badala ya watatu. Nikapanga upya mzunguko, wale wasioweza kujigeuza tukawageuza kila saa mbili kama kawaida, nikamweka msaidizi mmoja karibu na wale wanaopenda kuamka bila msaada. Hakuna aliyeanguka. Asubuhi nikaandika ripoti ya upungufu."

Ukiiambia mashine tu, "Niandikie wasifu mzuri," utapata kitu kama hiki: "Kiongozi mahiri mwenye shauku ya kuleta mageuzi, anayejitolea kutoa huduma ya kiwango cha juu katika mazingira yenye changamoto." Maneno yanang'aa, lakini msomaji hajui kama wewe ni muuguzi, rubani au mpishi.

Iagize hivi badala yake: "Usinisifu. Usiongeze jambo lolote ambalo sijalisema. Kwanza niulize maswali matano kuhusu nilichoamua na kwa nini. Halafu andika sentensi nne nyepesi, kama mtu anayezungumza na mfanyakazi mwenzake." Ukishajibu maswali, kitakachotoka kitakaribia hiki: "Nilisimamia zamu ya usiku iliyopungukiwa muuguzi mmoja. Niliamua kulinda mambo mawili kwanza: kuwageuza kwa wakati wagonjwa walio katika hatari ya vidonda vya kulalia, na kuwaangalia kwa karibu walio katika hatari ya kuanguka. Hakuna aliyeanguka usiku huo. Asubuhi niliripoti upungufu ili usichukuliwe kuwa jambo la kawaida."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomtofautisha kiongozi na mchapakazi. Aliona kwamba usiku uliopita salama unaweza kuwadanganya wakubwa, akaandika. Mashine isingejua hilo bila kumuuliza.

Kutoka daftari hadi wasifu, posti na usaili

Anza na wasifu wako wa LinkedIn au mtandao wowote unaotumiwa na watu wa fani yako. Chagua mambo mawili, hata matatu, unayotaka kujulikana nayo, yasizidi hapo. Mimi nimechagua kupokea wauguzi wapya kutoka ng'ambo na usalama wa zamu za usiku. Ipe mashine matukio yako 10 na uiulize ni mada gani zinajirudia. Mara nyingi itakuonyesha kitu ambacho umekizoea hadi hukioni tena.

Pili, andika posti fupi moja kila baada ya wiki mbili. Maneno 150 yanatosha: tatizo, ulichojaribu, ulichojifunza. Mtu mwenye wadhifa hahitaji kuonekana kila asubuhi akitoa nasaha kwa dunia. Anahitaji kwamba siku atakapotafutwa, kuwe na vitu vitano au sita vya kweli vya kusomwa.

Tatu, tumia mashine kama jopo la mazoezi. Ibandikie tangazo la kazi, uiambie ikuulize swali moja moja kama msaili mkali, na baada ya kila jibu ikwambie ni sehemu gani umejificha nyuma ya "sisi". Jibu kwa sauti, si kwa kuandika; siku ya usaili hutaandika. Dada wa Mombasa alifanya hivi usiku nne, watoto wakiwa wamelala. Aliitwa kwenye usaili wa kwanza akakosa, akaomba maelezo ya alama zake, akarudi kwenye mazoezi. Wa pili akapata, wodi nyingine, daraja la 6. Mashine haikumpa uzoefu wa miaka 9. Ilimsaidia kuutoa mdomoni.

Mambo matano ya kuchunga

Kwanza, siri za watu. Hili ndilo kubwa. Ukiandika habari za mgonjwa, mteja au mfanyakazi wako kwenye programu ya bure, umezitoa nje ya ofisi. Kuondoa jina pekee hakutoshi: "bibi wa miaka 97 kutoka Zanzibar aliyelazwa Jumanne" anatambulika na nusu ya jumuiya yetu. Sema "mgonjwa mmoja mzee", usitaje siku, wodi wala ugonjwa wa nadra. Uingereza kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2018, Marekani ina HIPAA ya mwaka 1996 kwa taarifa za afya, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2019 ya taarifa za afya, na sheria zao za makosa ya mtandao ni kali hata kwa kumpiga mtu picha bila ridhaa yake. Skrinishoti ya kundi la kazini ni hatari vile vile. Soma kanuni za mwajiri wako kuhusu programu hizi, na katika mipangilio ya programu tafuta kitufe cha kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuufundishia mfumo. Ukikizima, bado usiandike siri.

Pili, uongo wenye sura ya ukweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000, wao pamoja na ofisi yao, baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Kesi hazikuwahi kuwepo. Kwenye wasifu wako mashine inaweza kukugeuzia "nilisaidia" kuwa "niliongoza", au kozi ya siku mbili kuwa "utaalamu". Nchi nyingi za Ghuba huhakiki vyeti na uzoefu wa wahudumu wa afya kwa kuuliza chuo na mwajiri moja kwa moja. Neno moja lililoongezwa na mashine litakuwa uongo wako wewe, kwa kuwa jina lililo juu ya karatasi ni lako.

Tatu, jinsia. Kiswahili chetu hakina "yeye" wa kiume na wa kike. "Alifika, akaamua" ni mtu yeyote. Kiingereza hakikubali hivyo, na mashine inapofasiri hubahatisha. Mara nyingi daktari anakuwa mwanamume na muuguzi mwanamke. Ukisimulia kuhusu mkuu wako mwanamke au muuguzi mwenzako mwanamume, kagua tafsiri kabla hujaipeleka popote.

Nne, picha. Kuna programu zinazotengeneza picha za kikazi kutoka picha za kawaida. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa Marekani mwenye asili ya Asia aliiomba programu ya namna hiyo impe picha inayofaa kazini, ikamrudishia sura ya Mzungu mwenye macho ya buluu. Kwetu programu hizi huweza kuichubua ngozi, kuinyoosha pua au kuutoa mtandio. Mpe mwanao simu, simama karibu na dirisha mchana, vaa nguo zako za kazi zilizopigwa pasi. Picha hiyo itatosha, na siku ya usaili watakutambua.

Tano, matapeli. Jina likijulikana lina thamani, na penye thamani wezi hawakosi. Kuna wanaochukua jina na picha ya mtu anayefanya kazi ng'ambo, wakajifanya yeye, wakawaahidi vijana wa nyumbani ajira na viza kwa malipo ya kutanguliza. Usiweke hadharani tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya usajili iliyo kwenye picha ya cheti, wala pasi ya kusafiria. Andika wazi kwenye wasifu wako kwamba hutafutii watu kazi kwa malipo. Na kila baada ya miezi michache tafuta jina lako uone nani mwingine analitumia.

Familia nayo ina neno

Jina la kikazi linajengwa kwa muda wa nyumbani, kwa hiyo wa nyumbani wana haki ya kusema. Kaa na mwenzi wako mkubaliane: Jumapili jioni nusu saa, simu inafungwa baada ya hapo. Mume anayejua kwamba nusu saa hiyo inatafuta daraja la juu na zamu chache za usiku hatalalamika kama yule anayemwona mkewe ameinamia simu tu.

Watoto wasiwe mapambo ya posti zako. Picha ya mwanao akiwa na sare ya shule inaonyesha shule yake, na yeye hajaombwa ruhusa. Ukitaka kuzungumzia kulea huku unaongoza idara, zungumza bila uso wake.

Kuna pia ndugu wa nyumbani. Ukibadilisha wasifu ukaandika "meneja", binamu yako Morogoro anaona. Kwa hesabu yake, meneja ni gari la kazini na nyumba ya kampuni. Hajui kodi ya nyumba, nauli na malipo ya anayelea watoto. Ni vyema uzungumze na wazazi wako wewe mwenyewe kabla habari haijazunguka ukoo mzima ikiwa na sifuri za ziada.

Wazazi hao hao ni msaada mkubwa. Mpigie mama, umwombe akueleze wewe ni mtu wa namna gani kazini, kwa jinsi anavyokujua. Wangu alisema, "Wewe hukasiriki haraka, na ukiahidi unarudi." Niliiambia mashine iliweke hilo kwa Kiingereza cha kikazi. Ilitoa sentensi tatu ndefu. Nilizifuta zote, nikaandika kwamba ninafuatilia ninachoahidi. Ni maneno ya mama, na waliofanya kazi nami wanaweza kuyathibitisha.

Kazi hutangulia

Mwaka 2022, siku ya wauguzi duniani tarehe 12 Mei, muuguzi Mkenya Anna Qabale Duba kutoka Marsabit alipewa jijini Dubai tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians, yenye zawadi ya dola 250,000. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka katika jamii yake, akianzisha shule na kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni. Kazi ilitangulia. Lakini tuzo kama hizo huanza na fomu: lazima mtu akae aandike nini kilifanyika, wapi, kwa nani. Kama hakuna anayeandika, hakuna anayejua, na fedha ambazo zingesaidia shule moja ya Marsabit zinakwenda kwingine.

Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kujieleza si majivuno. Dada wa Mombasa alipopata daraja la 6, kijana mpya aliyetoka Kenya mwezi uliofuata alikuta kiongozi wa zamu anayejua kwa nini alikuwa akinyamaza kwenye vikao. Yeye hakusubiri miaka 9 aelezwe tofauti ya "tulifanya" na "nilifanya". Alielezwa wiki ya pili, wakati wa chai.

Wiki ya kwanza

Ukitaka kuanza, fanya haya na usiongeze. Jumatatu, andika mambo mawili unayotaka kujulikana nayo. Katikati ya wiki, rekodi tukio moja kwa dakika tano bila jina la mtu. Ijumaa, iagize mashine ikuulize maswali matano, ujibu. Jumamosi, soma ilichoandika kwa sauti mbele ya mtu anayekujua. Penye neno ambalo wewe hulitumii, lifute. Penye jambo ambalo hukulifanya, lifute kabla hata ya kulifikiria mara mbili. Jumapili, weka sentensi zilizobaki kwenye wasifu wako.

Pengine zitakuwa sentensi nne tu. Mwisho wa mwaka zitakuwa kurasa mbili, na kila mstari utakuwa na mtu anayeweza kuushuhudia. Siku utakapokaa mbele ya jopo na kuulizwa ulifanya nini, utajibu bila kukohoa, kwa sababu yaliyoandikwa yatakuwa yale yale unayoyakumbuka.